Mwana wa Mwalimu Aliyeihesabu Foleni

Wako watu waliokufa zamani ambao majina yao hutamkwa kila siku na midomo isiyojua kwamba inamtaja binadamu. Mmoja wao ni Agner Krarup Erlang. Wahandisi wa simu hupima mzigo wa mitambo yao kwa kipimo kiitwacho erlang, kama vile fundi wa umeme apimavyo kwa wati. Wataalamu wa kompyuta nao wanayo lugha ya kuandikia programu iitwayo Erlang, iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi katika miaka ya 1980, na ndiyo iliyotumiwa kujengea mitambo ya WhatsApp. Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba Erlang alikuwa mwalimu wa shule, mwana wa mwalimu wa shule ya kijijini, na kwamba elimu aliyoiacha inamhusu mama anayesubiri kulipia unga sawa na inavyomhusu mhandisi.

Nimechagua kuyasimulia maisha yake kwa sababu ya jambo nililoliona Kehancha. Mimi ni mtu wa isimu, wala si wa hisabati. Kinachonipeleka katika mji huo wa Kuria Magharibi, Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, ni lugha ya Kikuria, ambayo toni za vitenzi vyake zinasifika miongoni mwa wanaisimu kwa tabia ya kuhesabu: kwa kutegemea njeo, toni ya juu huweza kuanzia kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au hata ya nne ya shina la kitenzi. Mjini humo lipo duka la vyakula ambamo nilizoea kununua mahitaji yangu. Lilikuwa na makeshia wawili. Baadaye nikakuta amebaki mmoja, na foleni imefika kwenye rafu za sabuni. Mwenye duka alinieleza, kwa upole na kwa hoja, kwamba alikuwa amewachunguza makeshia wake akaona kila mmoja hukaa bure zaidi ya nusu ya saa za kazi. Kwa hivyo mtu mmoja angeweza kuifanya kazi ile yote na bado akapata nafasi ya kupumua. Kujumlisha kwake na kugawanya kwake kulikuwa sahihi kabisa. Na foleni ilikuwa pale pale, ndefu. Swali lililomshinda yeye ndilo alilokabidhiwa Erlang mwaka 1908, ila Erlang alipewa nyaya za simu badala ya makeshia.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, eneo la Jutland, magharibi mwa Denmark. Baba yake, Hans Nielsen Erlang, alikuwa mwalimu wa kijiji na karani wa kanisa. Mama yake, Magdalene Krarup, alitoka katika ukoo wa makasisi, na katika nasaba yake alikuwamo Thomas Fincke, mwanahisabati wa karne ya 16 aliyetuachia jina la tanjenti, ambalo kila mwanafunzi wa sekondari analijua na pengine kulichukia. Masomo ya kwanza Agner aliyapata kwa babake. Inasimuliwa kwamba jioni alikuwa akiketi mkabala na kaka yake Frederik aliyekuwa akisoma, naye Agner akakisoma kitabu kile kile kutoka upande wa pili wa meza, herufi zikiwa zimepinduka kichwa chini. Mwalimu yeyote aliyefundisha mahali ambapo kitabu kimoja hugawanywa na wanafunzi kadhaa ataitambua picha hiyo.

Akiwa na umri wa miaka 14 alifanya mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, baada ya kupewa ruhusa maalumu kwa kuwa hajatimiza umri, akafaulu vizuri sana. Hata hivyo hakuingia chuoni mara moja. Alirudi Lønborg, akawa msaidizi wa baba yake darasani kwa miaka miwili, huku akijifunza Kifaransa na Kilatini. Mwaka 1896 ndipo alipojiunga na chuo kikuu kwa msaada wa masomo, na mwaka 1901 akahitimu katika hisabati, pamoja na unajimu wa kisayansi, fizikia na kemia. Kisha alifundisha shuleni kwa muda wa miaka saba hivi.

Waandishi wa maisha yake huipita miaka hiyo saba mbio mbio, kana kwamba ilikuwa stesheni ya njiani. Mimi naiona kwa jicho jingine. Wanaomkumbuka walisema hakuwa mtu wa maneno mengi, kwamba alipendelea kutazama kuliko kuzungumza, na kwamba alipozungumza alisema kwa ufupi. Hata rafiki zake wakampa lakabu ya kumtania kwa tabia yake ya kujitenga. Mtu wa namna hiyo akilazimika kulieleza jambo lile lile kwa watoto wa watu mwaka baada ya mwaka, hujifunza kulivua jambo nguo zote za ziada. Maandishi yake ya baadaye ni mafupi kupita kiasi, na wataalamu waliomfuata walilalamika kwamba mahali pengine hatoi hata uthibitisho. Na katika miaka hiyo ya ualimu hakuacha kusoma: mwaka 1904 jibu lake kwa swali la mashindano la chuo kikuu, lililohusu kazi ya Christiaan Huygens, lilipata sifa.

Alikuwa na mazoea ya kuhudhuria mikutano ya chama cha wanahisabati wa Denmark. Huko alikutana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, ambaye mwenyewe alikuwa mwanahisabati hodari ingawa hakuwahi kushika wadhifa wa chuo kikuu. Jensen alimjulisha kwa mkurugenzi wa kampuni, Fredrik Johannsen, na mwaka 1908 Erlang akaajiriwa aongoze maabara. Huenda msomaji akashangaa kampuni ya simu kumwajiri mwanahisabati. Lakini wakati huo simu ziliunganishwa kwa mikono. Mpigaji aliinua chombo chake, opareta katika kituo akaitika, akachomeka waya mahali panapohusika. Waya zikiwa chache, au maopareta wakiwa wachache, wapigaji walikaa wakisubiri au wakakosa kabisa. Zikiwa nyingi, kampuni ilitupa fedha. Ni ngapi basi zinatosha? Mkurugenzi alikwisha kuliona swali hilo, lakini halikuwa na jawabu la hesabu.

Jawabu la kwanza la Erlang lilichapishwa mwaka 1909, kwa Kidenmark, katika jarida la hisabati. Alionyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wasioshauriana hufuata kanuni ya uwezekano inayojulikana kwa jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson. Kwa lugha ya kawaida ni hivi: mambo yasiyotegemeana hayaji kwa vipindi sawa. Huja kwa vishada na kwa mianya. Wateja 30 kwa saa hawamaanishi mteja mmoja kila baada ya dakika mbili. Wanamaanisha wanne kwa mpigo, kisha kimya, kisha mmoja, kisha watatu. Na dakika ambayo keshia alikaa bure wakati wa kimya haiwezi kuwekwa akiba ili itumike wakati wa kishada. Hapo ndipo hesabu ya mwenye duka inapopotoka. Yeye alizijumlisha dakika za bure kama mtu ajumlishaye shilingi, nazo dakika hazihifadhiki.

Kazi yake kubwa zaidi ilitoka mwaka 1917. Ndani yake mlikuwa na kanuni mbili, na zote mbili zinaishi hadi leo. Ya kwanza inamhusu mpigaji ambaye, akikuta waya zote zina kazi, hukata tamaa na kwenda zake. Inakadiria ni wangapi watapotea. Ya pili inamhusu mpigaji mvumilivu anayesubiri. Inakadiria atasubiri kwa muda gani. Katika duka wateja wa aina zote mbili wapo: yuko anayechungulia mlangoni, akaiona foleni, akavuka barabara kwenda kwa jirani, na yuko anayejipanga.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao mwalimu wa hisabati anaweza kuuandika ubaoni. Keshia mmoja humhudumia mteja kwa wastani wa dakika mbili, yaani ana uwezo wa wateja 30 kwa saa. Wakija wateja 20 kwa saa, kwa nyakati zisizo na mpangilio, na muda wa kuwahudumia ukiwa nao unabadilika-badilika kwa namna ambayo Erlang aliichukulia, kila mmoja atasubiri kwa wastani wa dakika 4 kabla ya kufikiwa. Wakiwa 24, kusubiri kunakuwa dakika 8. Wakiwa 27, dakika 18. Wakiwa 29, dakika 58. Tazama vizuri: kutoka 27 hadi 29 wameongezeka watu wawili tu, na muda umepita mara tatu. Wakifika 30, uwezo na mahitaji vikilingana sawasawa kama mwenye duka yeyote mwenye kubana matumizi angependa, foleni haina kikomo. Itarefuka kadiri hali hiyo itakavyoendelea. Kwa kutafuta wastani huo kanuni ni nyepesi: toa idadi ya wanaokuja kutoka idadi ya wanaoweza kuhudumiwa, ugawanye saa moja kwa tofauti hiyo, utapata muda wote wa mteja katika foleni na mbele ya keshia, kisha uondoe zile dakika mbili za kuhudumiwa.

Sasa mrudishe keshia wa pili. Wateja ni wale wale 27. Kila keshia atakuwa na kazi kwa asilimia 45 tu ya muda wake, na asilimia 55 atakaa bure, jambo ambalo litamkera mwenye duka. Lakini kusubiri kutashuka kutoka dakika 18 hadi nusu dakika. Hakuna kosa la uchapaji hapo. Na sharti lake ni kwamba foleni iwe moja, mtu wa mbele aende kwa keshia atakayekuwa wazi. Wakijipanga foleni mbili, kila keshia na yake, bila mtu kuhama, watasubiri zaidi ya dakika moja na nusu. Hiyo bado ni nafuu kubwa, lakini ni mara tatu ya ile ya foleni moja, kwa makeshia wale wale na mshahara ule ule.

Jambo linaloniuma katika hesabu hii si la kibiashara. Wateja 27 wakisubiri dakika 18 kila mmoja, jumla ni dakika 486, yaani zaidi ya saa nane za maisha ya watu zinazotumika katika kila saa moja ya duka. Mwenye duka ameokoa saa moja ya mshahara wa keshia. Saa ya keshia imo katika daftari lake, kwa shilingi na senti. Zile saa nane za wanunuzi hazimo katika daftari la mtu yeyote. Mwanafunzi aliyetumwa sukari akachelewa darasani, mkulima aliyeacha ng'ombe kwa jirani, mama aliyebeba mtoto mgongoni, hao ndio wanaolipa. Na duka ndilo mfano mwepesi. Kuna dirisha la dawa, kuna ofisi ya vitambulisho, kuna ukumbi wa benki siku ya mishahara ya walimu. Kila mahali hapo mtumishi anayeonekana amekaa bila kazi huhesabiwa kuwa hasara, na huyo ndiye anayeizuia foleni isilipuke. Erlang alilijua hilo kwa nambari miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

Nikiwa mtu wa lugha, siwezi kulipita neno lenyewe. Inasemekana kwamba foleni ilitoka katika amri ya kijeshi ya Waingereza ya kuwataka askari wajipange. Wenzetu wa Tanzania wamelipa neno hilo hata msongamano wa magari. Nchini Kenya tunalo jingine, mlolongo, na waliokuwa watu wazima mwaka 1988 hawawezi kulisikia bila kukumbuka uteuzi wa wagombea wa KANU, ambapo wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya waliyemtaka. Huenda ndiyo sababu tunaiona foleni kuwa suala la nidhamu: tukicheleweshwa tunamlaumu aliye mbele kwa uzito, au keshia kwa uvivu. Hisabati inasema kwamba hata wote wakiwa wepesi na waadilifu, foleni itakuwapo, na chanzo chake ni ubahatishaji wa kufika.

Ni haki pia kusema mahali ambapo kanuni hizi huchechemea, la sivyo mwanafunzi atakayezijaribu Kehancha atadhani nimemdanganya. Zinachukulia kwamba kila mteja huja kivyake. Matatu ya abiria 14 ikisimama mbele ya duka na nusu yao wakaingia kwa pamoja, sharti hilo limevunjika, na foleni halisi itazidi ile ya kitabuni. Zinachukulia vilevile kwamba wastani wa saa ni ule ule, ilhali asubuhi ya siku ya soko si kama alasiri ya siku ya kawaida. Inabidi kila kipindi kihesabiwe peke yake. Tena muda wa huduma una tabia yake. Lau kila mteja angechukua dakika mbili kamili, bila kuzidi wala kupungua, wale waliosubiri dakika 18 wangesubiri 9. Ujumbe wa M-Pesa unaochelewa kufika, au bei isiyobandikwa inayomlazimu keshia kumwita mwenzake, hurefusha foleni hata pale ambapo wastani haukubadilika sana.

Kwa walimu wanaotaka zoezi, ipo kanuni nyingine iliyo nyepesi zaidi, ingawa si ya Erlang. Uthibitisho wake uliandikwa mwaka 1961 na Mmarekani John Little. Idadi ya watu waliomo dukani, kwa wastani, ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa mara muda wanaokaa humo. Wanafunzi wawili wakisimama karibu na duka, kwa idhini ya mwenyewe, wakahesabu waliomo kila baada ya dakika kumi wakapata wastani wa watu 12, na wakagundua kwamba mtu hukaa robo saa, basi wanaoingia ni 48 kwa saa. Hawahitaji mtambo wala kamera.

Erlang mwenyewe alikuwa mtu wa kwenda kupima. Kampuni ilipotaka kujua umeme uliopotea katika nyaya zake, hakumtuma mtu. Alizunguka katika mitaa ya Copenhagen akifuatwa na kibarua aliyebeba ngazi, akishuka katika mashimo ya nyaya yaliyo chini ya barabara. Alichapisha pia majedwali ya logarithimu, ya aina ile ambayo vizazi vya watahiniwa wetu wameingia nayo katika chumba cha mtihani. Hakuoa. Nyumba yake ilijaa vitabu, vya hisabati na unajimu kwa wingi, lakini pia vya historia, falsafa na ushairi. Wenye shida walimjua: walimwendea kazini au nyumbani, naye aliwasaidia kimya kimya.

Jambo moja zaidi, ambalo huenda ni mwanaisimu pekee angelikazia. Makala zake za mwaka 1909 na 1917 aliziandika kwa lugha yake, ambayo nje ya Denmark ilisomwa na wachache. Tafsiri za Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa zilifuata, na Idara ya Posta ya Uingereza ikaichukua kanuni yake. Inasimuliwa kwamba mtafiti mmoja wa maabara za Bell za Marekani alijifunza Kidenmark kwa sababu hiyo tu, ili amsome Erlang bila mkalimani. Sisi tunaoambiwa kila mara kwamba hisabati na Kiswahili havipatani tungefaa kuusoma mfano huo taratibu. Waliokuja kujifunza hawakuvutwa na lugha; walivutwa na kilichokuwa ndani yake, nayo lugha ikawa mlango.

Kwa takriban miaka 20 katika kampuni ile hakukosa kazi hata siku moja kwa ugonjwa. Mwezi wa Januari 1929 alishikwa na maumivu ya tumbo, akapasuliwa, na tarehe 3 Februari akafariki dunia, akiwa na miaka 51. Mwaka 1946 kamati ya kimataifa ya simu iliafikiana kwamba kipimo cha mzigo wa simu kiitwe kwa jina lake: waya mmoja ukiwa na kazi kwa saa nzima bila kupumzika, umebeba erlang 1. Miaka miwili baadaye wafanyakazi wa kampuni yake ya zamani walikusanya maandishi yake katika kitabu kimoja, safari hii kwa Kiingereza.